Jini wa Amboni, mteule na wanaume wawili: nifute muswada?

SWALI: Shikamoo dada mhariri. Naandika riwaya ya fantasia ya mapenzi kwa vijana. Binti wa miaka 19 wa Ngamiani, Tanga, yatima, ndo mteule aliyetabiriwa, anapendwa na jini wa miaka 300 anayeishi mapango ya Amboni, na rafiki yake wa utotoni nae anamtaka. Mwanzo alikuwa vampaya, nikambadilisha awe jini ili iwe ya kwetu. Shoga yangu kasoma sura 4 kasema haya yote keshayasoma. Nifute nianze upya?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usifute. Ila shoga ako hajakosea, na huyo jini hajakusaidia kitu maana bado anafanya yale yale ya vampaya, anasimama gizani, macho ya dhahabu, anamwambia binti "kaa mbali nami nitakuumiza" halafu mwenyewe haondoki. Umemvalisha kanzu tu.

Mpenzi asiye binadamu ni stori ya zamani mno. Apuleius, mwandishi wa Kirumi, alishaiandika karne ya 2, binti Psyche analala na mume anayekuja usiku tu na kakatazwa kumtazama, siku moja anawasha taa, tone la mafuta ya moto linamdondokea mume begani linamuunguza. Tone lile ndo watu wanalikumbuka mpaka leo. Kwenye sura zako 4 nimelitafuta la kwako sijaliona.

Sasa jiulize, Ngamiani binti akiwa na jini mahaba inakuwaje? Kwetu hayo hayaitwi mapenzi, unaitwa ugonjwa. Kakataa posa ya tatu, anaamka kachoka, anacheka peke yake jikoni, mama anaanza kuunganisha mambo, shangazi anafika na mafusho yake, anatafutwa sheikh, linaandikwa kombe, aya za kuoshwa na kunywewa. Na wewe mama umemuua ukurasa wa 1! Kwenye riwaya za aina hii mama hufa mapema ili binti atoke usiku bila kuulizwa unaenda wapi. Mfufue. Sahani nyeupe, maandishi ya zafarani yameoshwa kwa maji na marashi, bakuli liko mkononi mwa binti na mama kasimama mlangoni anasubiri anywe. Akinywa, jini anaungua. Asipokunywa, mama keshajua. Hapo una penzi lenye bei, na yule mfalme wa giza wa sura ya 2 wala humhitaji (kwanza anaongea kama mtangazaji wa redio).

Rafiki wa utotoni: nilichukua sura ya 3 nikabadilishana majina, maneno ya jini nikampa yeye na yake nikampa jini, hakuna kilichoharibika. Hiyo ni dalili mbaya. Pembetatu ya mapenzi haijachoka, waliochoka ni wanaume wawili wanaosifia macho yale yale. Mi ningefanya yeye ndo aliyempakia mama kwenye baiskeli mpaka kwa sheikh, kwa roho safi kabisa, akiamini anamuokoa binti, tena labda kweli anamuokoa. Binti amchukie halafu ashindwe kumchukia.

Utabiri kata. Kama iliandikwa zamani kwamba atampenda jini, basi hachagui chochote, na msomaji wa umri huo anakuja kuona mtu anachagua.

Mwisho wako wapo pamoja, uache hivyo hivyo. Kuna waandishi wanamuua mpenzi ukurasa wa mwisho ili waonekane wapya, msomaji wa mapenzi anaona kaibiwa hela yake.

La mwisho, hilo pango. Umeandika "pango lenye giza nene" mara 5 na nina wasiwasi hujafika. Amboni iko kama kilomita 8 tu toka mjini, panda gari Jumamosi uende. Gusa chokaa, nusa mavi ya popo, ona pale watu wanapoacha matambiko yao, af muulize anayekuongoza na tochi akusimulie ya yule mbwa, wanasema aliingia humo na mabwana zake wazungu, wao wakapotelea ndani, yeye akaja kutokea huko karibu na Kilimanjaro. Jini wako kakaa humo miaka 300, lazima alimwona akipita. Alimwonyesha njia au alimwacha tu? Mi ndo ningeanzia hapo.