Kwa nini kipande kifupi cha DNA hutangulia kwenye jeli

Umeuliza kwa nini vipande vifupi vya DNA hutangulia mbele ya virefu umeme unapovivuta ndani ya jeli, ilhali vyote vina chaji hasi. Chaji hiyo hutokana na fosfeti zilizo kwenye uti wa molekuli, na kwa kuwa kila urefu unaoongezeka huja na chaji yake pamoja na ukinzani wake, ndani ya maji matupu vipande vyote vingesafiri kwa kasi inayokaribiana. Kinachovitenganisha, basi, ni jeli yenyewe, jambo linalostahili mkazo zaidi madarasani: agarosi, ambayo hutengenezwa kutokana na mwani, hufanya wavu wa matundu madogo mno ambamo kipande cha jozi 500 za besi (viungo vinavyohesabiwa kupima urefu wa DNA) hupenya kwa wepesi kuelekea ncha chanya ya umeme, huku cha jozi 5,000 kikijipinda na kunasa njiani. Wavu huo una kikomo. Vipande vinavyozidi jozi 20,000 hivi hujinyoosha na kupita kwa kutanguliza ncha moja, vikaenda kwa kasi karibu sawa hata vikitofautiana urefu, na ndiyo maana mwaka 1984 wanasayansi David Schwartz na Charles Cantor walieleza mbinu ya kubadilisha mwelekeo wa umeme mara kwa mara, ambayo hutenganisha hata kromosomu nzima za hamira.