Kusi limeingia Tanga, sasa ni zamu ya maji mafu

Juzi nimetoka nje alfajiri nikakuta baridi inasisimua mwili, minazi yote imelalia upande wa kaskazini, nikajua bas, kusi, huu upepo wa kutoka kusini, limekaza. Masika yamekwisha, kipupwe ndo hiki, na simu zimeanza, jamaa wa Dar na wengine wa hapa hapa mjini wanauliza watoke na mshipi au wasubiri mpaka demani, kusi likishalegea. Mi nasema msisubiri, miezi mitatu minne ni mingi sana kukaa bila kitoweo ulichokivua mwenyewe. Ila huwezi kuvua kusi kama ulivyovua kaskazi, msimu wa upepo wa kutoka kaskazini, na hapo ndo wengi wanaponza chombo na maisha yao.

Kosa lenyewe ni kutoka siku za bamvua, yale maji makubwa yanayojaa na kupwa sana. Sisi tumekua tukiambiwa bamvua ndo kuna samaki, maji yanatembea na samaki nao wanatembea, na kwa kaskazi ni kweli kabisa. Sasa angalia saa. Huku kwetu siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yanajaa mida ya saa kumi alfajiri, yanapwa saa nne asubuhi, alafu yanajaa tena mpaka saa kumi jioni. Changu na chewa wa mwambani wanakula vizuri maji yanapoanza kupanda, kwahiyo ule muda mzuri wa kushusha mshipi unaangukia saa tano, saa sita, saa saba mchana, na hizo ndo saa ambazo kusi linavuma kwa nguvu zake zote. Unakuwa huna uchaguzi, ama uvue kwenye mawimbi au urudi mikono mitupu.

Maji mafu, yale yasiyojaa wala kupwa sana, ni kinyume chake. Hesabu mwezi wa kiislamu, sio ule wa kalenda ya ukutani, kuanzia mwezi 7, yaani siku ya 7 tangu uandame, mpaka 9 na tena 22 mpaka 24. Siku hizo maji yanapwa kwenye saa kumi alfajiri na yanajaa taratibu mpaka saa nne asubuhi au kuzidi kidogo, kila siku yanachelewa kama dakika 50 hivi. Yaani saa zote zile upepo ukiwa bado umelala we uko na maji yanayopanda! Alafu mkondo ni mdogo, chubwi, ile risasi ya kuzamisha mshipi, inakaa chini inapotakiwa, mshipi hauburuzwi kaskazini, unamsikia samaki anavyogusa chambo. Wazee wengi wanadharau maji mafu na kwa kaskazi siwabishii, lakini kwa mwezi wa sita na wa saba mi natoka siku hizo tu kama nakwenda nje ya visiwa.

Hili sikulisoma popote, nimefundishwa na mjomba wangu siku ambayo nusura tupotee. Tulitoka Mwambani na ngalawa yake, tukapita kisiwa cha Karange tukaenda nje kidogo, mi ndo niliyemshawishi kwa sababu siku hiyo tu ndo nilikuwa na nafasi kazini. Asubuhi bahari imetulia kama maji kwenye sufuria. Saa nne maji yakawa yamepwa kabisa, tukashusha nanga tusubiri yapande, na yalipoanza kupanda samaki wakaanza kula kwelikweli, changu wa kujaza kiganja, mmoja baada ya mwingine. Ndo maana hatukuondoka. Kwenye saa tano na nusu upepo ukaja, na haukuja kidogokidogo, mara bahari yote imekuwa nyeupe, tunavuta nanga haitoki, imenasa kwenye mwamba, ikabidi mjomba aikate kamba kwa kisu. Tanga tulilipandisha nusu, maji yanaingia, mi nateka kwa kopo mpaka mabega yanawaka, na mrengu mmoja, ule ubao wa pembeni unaoshika ngalawa isipinduke, ukaanza kulegea kamba. Tulijibanza nyuma ya Karange upande wa bara mpaka jua linazama, tumelowa, tunatetemeka. Hapo ndo mjomba akaniuliza, "Mjomba, leo mwezi ngapi?" Nikamwambia 16. Hakunigombeza. Alinishika mkono akaanza kunihesabia kwa vidole, kujaa saa ngapi, kupwa saa ngapi, upepo saa ngapi, na mpaka leo nikipanga safari nahesabu vile vile kwa vidole kabla sijaangalia simu.

Simu nayo angalia. TMA, wale wa mamlaka ya hali ya hewa, wanatoa angalizo mara kwa mara msimu huu kwa pwani yote, Tanga ikiwemo, na wakitaja upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2 tafadhali ngalawa ibaki mchangani, hata kama asubuhi kumetulia. Laifu jaketi vaa mwilini, isiwe ya kukalia. Usipokuwa nayo funga dumu tupu la lita 20 lenye mfuniko mzima karibu na mkono wako. Beba na sweta, maji ya kaskazi yanafika nyuzi 29 au 30 lakini sasa yanashuka mpaka 25, 26, na mtu aliyelowa kwenye upepo anachoka haraka kuliko anavyodhani.

Siku za bamvua basi? Baki ndani ya ghuba. Hii ni neema ya Tanga ambayo watu wa Bagamoyo hawana kwa kiasi hiki, ghuba imejificha, kisiwa cha Toten kiko ndani kabisa, kile cha Ulenge kinakinga, mikoko kila upande, hata kusi likivuma unapata pa kukaa. Utapata chaa, tasi, mkizi, sio wakubwa ila watamu. Mwanzo wa msimu maji ya ndani yanakuwa bado na tope la masika lililoletwa na mito ya Zigi na Mkulumuzi, samaki haoni mbali, kwahiyo achana na vitu vya kung'aa, tumia chambo chenye harufu, kamba aliyelala siku moja au kipande cha ngisi. Ndoana ndogo, mshipi mwembamba. Na kumbuka Toten, Yambe na Karange zote zimo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti iliyotangazwa 2009, uliza watu wa BMU, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo, wa eneo husika nini kinaruhusiwa kabla hujatupa chochote.

Mdomo wa mto Pangani siupendi kabisa kipindi hiki. Maji yakipwa mto unatoka kwa kasi na mawimbi ya kusi yanaingia, vinakutana pale mlangoni na wimbi linasimama wima kama ukuta. Ukilazimika kupita, subiri maji yajae.

Ila mto huohuo ukiupanda juu ni habari nyingine. Wiki ambayo bahari imegoma kabisa mi napanda basi naenda Hale, ukishapita Muheza kabla ya Korogwe. Masika yakiisha maji yanashuka na kuanza kusafika, perege wanarudi kwenye vidimbwi vilivyotulia pembeni. Usiwahi sana, kwa baridi hii perege anachangamka jua likishapanda, saa tatu mpaka saa tano, na donge la unga au nyungunyungu vinatosha. Kambare yeye hajali, jioni yote anakula, utumbo wa kuku ndo chambo chake, na kuna wanaotumia kipande cha sabuni ya mche, nimejaribu na kinafanya kazi. Kitu kimoja tu nakisisitiza, mto Pangani una mamba. Usichuchumae ukingoni, usisafishie samaki majini, usirudi sehemu ileile kila siku, na jua likianza kuzama ondoka hata kama kambare ndo kwanza wanaanza.

Ukikosa kote na ukaenda kununua soko la samaki la Deep Sea utakuta bei imepanda, msimu huu ni hivyo, vyombo vidogo havitoki. Hata kwa bei hiyo kagua samaki vizuri, nyama ikiwa laini imevilia damu na miba imevunjikavunjika ndani, huyo ni wa baruti, mwache hapohapo. Mwamba uliopigwa baruti nimeuona kwa macho yangu wakati wa kupwa, kifusi kitupu, na ulikuwa mwamba ambao babu alivua chewa.

Jumamosi hii ni mwezi 8. Natoka Sahare saa kumi na moja alfajiri kwenda nje ya Ulenge, na saa nne na nusu nataka niwe nishaivuta ngalawa mchangani. Ngisi nusu kilo yupo kwenye friza na nimenunua nanga mpya.