Swichi haikuweza, ilikwama

Fundi mmoja wa umeme wa magari, mkazi wa Malindi, ameniandikia hivi: "Asalaam aleikum Mwalimu. Kuna mzee hapa kwetu amejiundia ndege ndogo ya viti viwili. Aliniita ili tuweze kuibadilisha trimu ya mkia, iliyokuwa ya kuvutwa kwa waya, iweze kuwa ya umeme. Tuliweza kufunga mota, tukaweza kuweka swichi kwenye fimbo ya rubani. Siku ya kujaribu, ndege ikiwa chini, swichi iliweza kukwama. Je, trimu kwa Kiswahili ni nini? Na niseme ya umeme au ya kielektroniki?"

Waleikum salaam, bwana fundi. Nitakujibu, lakini kwanza tumalizane na hizo "weza" zako. Nimezihesabu: tano.

"Swichi iliweza kukwama." Nimeisoma mara tatu, na kila mara naiona hiyo swichi imekunja mikono ya shati, jasho linaitiririka, inajikaza, majirani wanaishangilia, hata mwisho, alhamdulillahi, imekwama! Pigeni vigelegele. Redioni nako ni yale yale kila asubuhi: gari liliweza kupinduka, abiria wawili wakaweza kufariki. Jamani, marehemu hawakufaulu mtihani. Walikufa. Juzi kijana wa hapa mtaani aliniambia punda wake ameweza kupotea. Nikamjibu, basi akirudi mpe hongera.

Weza ina kazi yake. Ukisema "nahodha alipita Mkanda", ule mkondo mwembamba wa mikokoni kati ya Manda na bara, umesema alipita, basi. Ukisema "aliweza kupita Mkanda", mtu wa Amu, yaani Lamu, anajua kwamba maji yalikuwa yametoka, mizizi ya mikoko iko nje, na chombo kimenusurika kukaa kwenye matope. Hapo neno limelipia nauli yake. Ukilimwaga kila sentensi, siku ya shida ya kweli utasema nini?

Na kwa kazi yako wewe, hili si suala la urembo. Swichi ya trimu ikikwama angani mota haisimami. Inaendelea kukisukuma kibati cha trimu, kile kidogo cha nyuma ya mkia kinachompunguzia rubani kazi ya kushika fimbo, hadi mwisho wa safari yake, pua inapanda au inazama, na rubani anabaki kushindana na fimbo kwa mikono miwili. Dawa ni kuikatia mota umeme upesi. Sasa wewe andika kwenye daftari la ndege: "Rubani aliweza kukata umeme." Alikata? Au uwezo alikuwa nao, asikate? Atakayelisoma daftari hilo kesho kabla ya kuruka ana haki ya kujua. Andika: "Swichi ilikwama. Rubani alikata umeme." Hakuna kitu kilichopungua.

Haya, trimu. Neno hilo lilikuwa la vyombo vya majini kwa Waingereza kabla halijapanda ndege, na njia hiyo sisi twaijua: rubani, neno la Kiarabu, aliongoza meli kwanza, na usukani ni vivyo hivyo. Kazi yenyewe baharia yeyote ataielewa. Upepo ukishika upande mmoja, mshika usukani hakubali kuibana kana, ule mpini wa usukani, kwapani mpaka Pate, huifunga kamba. Kibati cha mkiani ndiyo kamba hiyo. Kikishuka, upepo hukisukuma juu kile kipande cha nyuma cha bawa la mkia kinachopinda kwa bawaba, mkia ukashuka, pua ikainuka, na mkono wa rubani ukapumzika. Kwa hivyo mimi nasema kisawazishi. Ukimwandikia asiyejua, kisawazishi cha mkia. Najua wako watakaopendekeza farumi. La. Farumi ni mchanga na mawe ya kutuliza chombo, ni uzito, na kibati hiki chacheza na upepo tu. Huko karakanani semeni trimu, sitawafuata na bakora.

Mota, swichi na waya ni umeme. Mkiongeza kile kisanduku cha kupunguza mwendo wa mota ndege inapokwenda kasi, kisanduku hicho ndicho cha kielektroniki. Kilichobaki ni umeme, hata kama muuzaji anataka kielektroniki ili apandishe bei.

Na kwa kuwa hukuitaja, wekeni swichi ya pili, ya kukata, mahali ambapo mkono wa mzee utafika bila kutafuta. Kwenye fimbo andikeni PUA JUU na PUA CHINI. Kwenye ile ya pili, KATA. Nikija Malindi nikikuta mmeandika WEZA KUKATA, narudi Amu kwa basi.