Akaunti mbili, namba moja: hapo ndipo siri inapotoka

Msomaji wa Wete ametuandikia. Anauza udi na mafuta mazuri Instagram, akaunti haina jina lake wala sura yake, na hata mwezi haujesha wifi yake kamfuata: "Kumbe ni yako hii!" Anauliza nani kamtaja.

Hukutajwa na mtu, dada yangu. Namba ndiyo iliyokutaja. Instagram, Facebook na TikTok husoma majina na namba zilizomo kwenye simu ya kila aliyeziruhusu, kisha humpendekezea akaunti zilizofunguliwa kwa namba hizo. Ukizima kwako, wifi yako hajazima kwake, na namba yako anayo. Jina la kubuni halifichi kitu hapo.

Akaunti ya biashara inataka laini yake na imeili yake, vyote viwe havijapata kupewa jamaa. Tangulia na imeili. Usiiwekee namba ya nyumbani kuwa ya kurejeshea, maana mtu akibonyeza "nimesahau neno la siri" anaweza kuoneshwa tarakimu mbili za mwisho, na kwa anayekujua mbili zatosha. Halafu fungua Instagram kwa imeili hiyo. Ikiomba kusoma majina ya simu, kataa. Kama ulishakubali, ingia Kituo cha Akaunti, tafuta sehemu ya taarifa na ruhusa zako, zima upakiaji wa majina. Na usiiunge na akaunti yako ya zamani kwenye kituo kimoja, hata programu ikubembeleze vipi.

Laini lazima isajiliwe kwa alama ya kidole na namba yako ya NIDA. Tafadhalini, msinunue laini ya jina la mtu mwengine. Ni kosa kisheria, na mwenye jina anaweza kwenda dukani akatolewa laini mpya ya namba ile ile. Kuanzia hapo kila ujumbe wa kuthibitisha unaingia kwake. Piga *106# uangalie namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Usiyoitambua, kaifute.

Wanaojitahidi kuliko wote huanguka kwenye pesa. Mteja akiandika namba yako ili akutumie, kabla hajathibitisha huoneshwa jina lililosajili laini, lako na la baba. Akishalisoma anaghairi, na hajatoa hata shilingi. Laini mpya haikukingi na hilo kwa sababu nayo ni ya jina lako. Basi namba ya pesa isikae kwenye ukurasa wala kwenye tangazo. Omba Lipa namba, yaani namba ya kulipiwa ya wafanyabiashara, na siku ya kuisajili simamia jina litakalotokea liwe la duka. Kisha jilipe mwenyewe kidogo kwa simu nyengine uone linavyosomeka.

WhatsApp ya biashara ni programu mbali, itumie kwa namba ya duka. Kuziweka akaunti mbili ndani ya WhatsApp moja kunawezekana kwenye Android tangu 2023, lakini statasi ya harusi ya ndugu itakuja kurushwa kwa wateja. Weka na ile PIN ya tarakimu 6, ya uthibitishaji wa hatua mbili. Laini usiitelekeze: isipotumika muda mrefu hufungwa, na namba hupewa mtu mwengine.

Zimebaki picha. Kamera ikiruhusiwa kujua mahali, huandika ndani ya picha sehemu ilipopigwa. WhatsApp huyaondoa maandishi hayo ukituma kama picha. Ukituma kama faili, yanakwenda nayo. Yazime kwenye mipangilio ya kamera.

Lakini hapa kwetu mashine si lazima ili mahali pajulikane. Mlango wa nakshi hauna pacha, na mtu wa Mji Mkongwe akiuona nyuma ya chetezo chako anajua ni nyumba ya nani. Baraza ni vivyo hivyo, na pazia la ukumbini pia. Tundika shuka nyeupe isiyo na ua, mbele ya dirisha, na kila bidhaa ipigwe picha hapo hapo.