Muulizeni kwanza amepasuliwa nini

Wadogo zangu mnaoanza kazi kwenye chumba cha CT, mashine ya eksirei inayopiga mwili vipande vipande, naanza na bahasha moja ya kaki. Aliileta dada wa miaka thelathini na kitu, aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito mwaka mmoja na nusu nyuma. Fomu ilisema "maumivu ya tumbo", basi. Nikamlaza, nikachagua utaratibu tuliouzoea: picha bila dawa ya kung'arisha mishipa, kisha dawa ikiwa kwenye ateri, kisha ikiwa kwenye vena, kila hatua ikiitwa awamu. Alipokuwa anavaa viatu ndipo akaniuliza, "Kaka, hizi za zamani huzihitaji?" Ndani mlikuwa na CT tatu za tumbo, zote za mwaka uleule. Mimi nilikuwa nimeongeza ya nne, tena ya awamu tatu.

CT ya tumbo na nyonga kwa awamu moja hufika kama milisiveti (kipimo cha dozi ya mionzi) 8 hadi 10. Mionzi ya asili inayompata mtu kwa mwaka mzima, kwa wastani wa dunia, ni 2.4. Sasa zidisheni kwa awamu tatu, kisha hesabuni na zile za kwenye bahasha. Tangu siku hiyo sipandishi mtu mezani kabla sijaona bahasha yake.

Muulizeni: ulipasuliwa aina gani, na lini? Aliyeunganishiwa utumbo upya, yaani bypass, anaweza kupata ngiri ya ndani miezi au miaka baadaye, utumbo ukapenya kwenye mwanya na kujisokota. Hapo CT ni haki yake, na kuchelewa kunaua. Msimnyime picha kwa kuogopa mionzi. Lakini kwa swali hilo awamu moja ya vena kwa kawaida inatosha. Mpigieni daktari wa radiolojia: "Dokta, huyu alifanyiwa bypass, tunatafuta ngiri ya ndani, nipige vena peke yake?" Mimi kila nilipouliza hivyo nilisikilizwa. Maumivu yakiwa chini ya mbavu za kulia, kumbukeni kwamba kupungua uzito haraka huleta mawe kwenye nyongo, na mawe hayo huonekana kwa ultrasaundi bila mionzi yoyote.

Kulaza mgonjwa ndiko wengi wenu mnakokosea. Mwili mkubwa huifanya mashine ipandishe mkondo wa umeme wa bomba la eksirei yenyewe, kwa hiyo mgonjwa mnene tayari anapata dozi kubwa. Akilala karibu mno na bomba la eksirei wakati wa picha ya mwongozo, mashine humwona mkubwa kuliko alivyo na kupandisha zaidi. Mstari wa leza wa pembeni upite katikati ya kiwiliwili. Msipime kwa macho kutoka mbele, tumbo lake litawadanganya. Mgonjwa huyohuyo akirudi amepungua kilo 40, pangeni upya, meza ileile iliyomfaa zamani sasa itakuwa chini mno.

Halafu ujauzito. Wengi wa wagonjwa hawa ni wanawake wa umri wa kuzaa, na uzito ukishuka uwezo wa kushika mimba hurudi, wakati mwingine kabla mwenyewe hajatambua. Hushauriwa kusubiri miezi 12 hadi 18 baada ya upasuaji, lakini si wote wanaosubiri. Akikuambia, "Hedhi yangu siku zote huruka, nimezoea," usiandike "hana mimba". Hiyo ni habari ya zamani, ya mwili aliokuwa nao. Mpe kikopo, mpime mkojo, dakika chache tu.

Wale wanaokunywa dawa ya kung'arisha ili tutafute uvujaji siku za mwanzo baada ya upasuaji, kwenye fluoroskopi, ile eksirei ya picha zinazotembea, wapeni funda dogo dogo, tumbo lililokatwa halibebi kikombe. Ondoeni mguu kwenye kanyagio mara picha inapopatikana, muisome ile iliyoganda kwenye skrini.

Mkimaliza, andikeni kwenye ripoti dozi iliyotumika, aina ya upasuaji na tarehe yake, kisha mrudishieni bahasha mkononi. Mwambieni aje nayo popote atakapopelekwa, hata usiku, hata kama hakuna atakayemuuliza.