Ndani ya Mawingu, "Sawa" si Jibu

Lubumbashi tunaruka kwa lugha tatu. Mnara wa Luano, uwanja wetu wa ndege, unatupa ruhusa kwa Kifaransa, ndege kubwa zinazotoka nje zinajibiwa kwa Kiingereza, na ndani ya Cessna yetu ya viti vinne mwalimu na mwanafunzi wanasemezana Kiswahili. Siku ya jua hiyo si shida: usipoelewa, unatazama nje. Lakini mwanafunzi akishavaa kofia ya kufunika macho, haoni ila mita za vipimo vya ndege zilizo mbele yake. Nje anaijua kwa maneno tu, na neno linalotuponza kuliko yote ni "sawa".

"Kata kuume mpaka mwelekeo 090, shuka futi 6,000." "Sawa." Sawa gani? Amesikia? Amekubali? Au amesikia 190 na ameridhika nayo? Uwanjani Tenerife, visiwa vya Kanari, tarehe 27 Machi 1977, mwongoza ndege alimjibu rubani wa shirika la KLM kwa "OK", halafu akaongeza kwamba asubiri, ataitwa. Wakati huohuo marubani wa ndege ya Pan Am, iliyokuwa kwenye njia ileile, nao walikuwa wanaongea, redio ikapiga filimbi, na kwa KLM kilichofika wazi ni ile "OK". KLM ikaanza kuruka, ikaigonga Pan Am, wakafa watu 583. Hiyo "OK" ndiyo "sawa" yetu.

Kwa hiyo anayepewa namba anarudisha namba, hata kama aliyempa amekaa kiti cha pembeni. Kwa mnara, mambo ya kurudisha bila kuacha hata moja ni ruhusa ya safari, njia ya kurukia, mwelekeo, kimo, kasi, namba ya transponda (kifaa kinachoitambulisha ndege kwenye rada) na QNH (kanieneo ya hewa unayoiweka kwenye mita ya kimo). Andika kwanza kwenye karatasi ya gotini, ndipo ubonyeze kitufe. Ukiona umeandika namba mbili kati ya tatu, usibahatishe ya tatu, omba irudiwe.

QNH ina mtego wake kwa sisi tunaosikiliza Kifaransa. "Mille treize" na "mille seize" zinafanana sana ndani ya kaske (spika za masikioni) iliyozeeka. Hektopaskali moja, kipimo cha QNH, ni kama futi 28 za kimo, basi kosa la tatu ni futi 84. Ukiweka 1016 badala ya 1013, mita ya kimo inakudanganya kwamba uko juu kuliko ulivyo, na mwisho wa ILS (mawimbi ya redio yanayokuongoza kushuka mpaka kwenye njia), ambako mara nyingi unaamua ukiwa futi 200 tu juu ya njia, futi 84 si mchezo. Rudisha tarakimu mojamoja, "unité zéro unité trois", hata kama mnara wenyewe umezitaja kwa haraka.

Sasa usukani. Wengi wakipokezana husema "nimeshika". Ni neno baya kwa kazi hii, kwa sababu kwa Kiswahili "nimeshika" ni pia "nimeelewa". Mwalimu anaeleza jambo, mwanafunzi anajibu "nimeshika", mwalimu anaachia mikono, na hapo ndege haina mtu. Sisi tunapendelea hivi:

"Usukani kwangu."
"Usukani kwako, Mwalimu."
"Usukani kwangu."

Ni mara tatu, na aliyekuwa nao haachii mpaka asikie jibu la mwenzake. Mkichagua kuyasema kwa Kifaransa, semeni kwa Kifaransa safari nzima, msichanganye.

Kuna na jambo la heshima. Kijana wa miaka ishirini na mbili haoni rahisi kumkosoa mzee, naye mzee anaweza kuwa amepitiliza kimo akiwa katikati ya maelezo. Dawa ni kukubaliana chini, kabla ya kuwasha injini, kwamba "Mwalimu, kimo!" na "Mwalimu, mwelekeo!" si utovu wa adabu, ni sehemu ya kazi. Hapohapo mkubaliane nani anaongea na mnara, nani anatazama nje, kofia inatoka kwenye kimo gani, na kwamba mwalimu akitoa hitilafu ya bandia atatanguliza neno "zoezi". Injini kufa kwa bandia ndani ya wingu la kweli ni upuuzi, si mafunzo. Kwenye ndege yenye bawa juu, anayetazama nje ajue kuwa bawa linaloinama linamziba upande uleule mnaogeukia. Atazame kabla ya kukata, kisha aseme "kushoto wazi" kwa sauti.

Kubadilisha masafa ya redio mkiwa mnakata kona kunaonekana kitu kidogo. Kona ya kawaida ni digrii 3 kwa sekunde. Ukikaa ndani yake sekunde ishirini hivi, maji ya sikio la ndani yanatulia na mwili unaamini mnakwenda moja kwa moja. Ukiinamisha kichwa ghafla kuangalia redio au kuokota kalamu, unahisi ndege imepinduka, na mkono unakimbilia kurekebisha kitu ambacho hakijaharibika. Tayarisha masafa yanayofuata mapema, mabawa yakiwa sawasawa, na kalamu uifunge kwa uzi.

Mwisho wa kushuka pia unataka maneno yaliyopangwa. "Endelea" haifai: kuendelea kushuka ama kuendelea kuruka? "Rudi" ni mbaya zaidi, maana mtu anaweza kuanza kukata kona kabla ya mahali ramani inaporuhusu. Maneno ni mawili: "Njia naiona, tunatua", au "Sioni, tunapanda". Ukisema la pili, gesi yote, zima joto la kabureta, pua juu, kunja flapu (vibao vya nyuma ya mabawa) kwa hatua, fuata njia iliyochorwa. Mnara utaambiwa baadaye. Hautaishika ndege kwa niaba yenu.

Luano iko futi 4,295 juu ya bahari. Oktoba, joto likifika 30 °C, injini inapumua kama iko futi 7,000 hivi. Mteremko wa kawaida wa kupanda tena ni asilimia 2.5, yaani kama futi 210 kwa dakika mkienda noti 84 (maili za baharini kwa saa) juu ya ardhi. Flapu zilizosahaulika zinaweza kuzila futi hizo zote. Na yule aliyejifunza pwani, anayesukuma mikscha (mkono wa mchanganyiko wa mafuta na hewa) yote mbele kwa mazoea, anaimwagia injini mafuta kupita kiasi wakati anapoihitaji sana.

Redio ikinyamaza, chanzo mara nyingi kiko karibu. Sukuma plagi zote mbili za kaske huku ukizizungusha. Angalia kitufe cha sauti, goti hukigusa. Tazama taa ya kutuma: ikiwaka bila wewe kubonyeza, kitufe kimekwama na mmefunga masafa ya uwanja mzima. Halafu jaribu redio ya pili, maikrofoni ya mkononi, masafa ya mwisho yaliyokuwa yanafanya kazi. Haya yote yanaisha kabla ya kumaliza mzunguko mmoja wa kusubiri, ambao ni dakika 4. Ikishindikana, wekeni 7600, namba ya redio iliyokufa, kwenye transponda. Mkiona ardhi, toeni kofia, bakini mnapoona, tueni uwanja wa karibu unaofaa, na mtazame ishara za taa kutoka mnarani.

Mkifaulu kusikika tena, msitaje mahali kwa majina ya kwetu. "Niko karibu na Kipushi" inamsaidia mtu wa hapa. Kapteni mgeni anayeshuka kwenye mawingu yaleyale anataka umbali, upande na kimo.