Kuvuka Forester Pass kwenye theluji: safari inaanza jana yake mchana

Hili swali naulizwa sana, hasa na watu wa nyumbani: mtu wa Morogoro aliyezoea jua anatembeaje kwenye theluji siku nzima na begi mgongoni halafu anarudi mzima? Mama yeye aliuliza kivyake. Nilimpigia simu nikamwambia natembea kwa miguu kutoka mpaka wa Meksiko naelekea Kanada, akakaa kimya kidogo halafu akasema, "Kwani nauli huko imekuwa shilingi ngapi?"

Kwa asiyeijua, Pacific Crest Trail, watu wanaiita PCT, ni njia ya miguu ya kama kilomita 4,265, inapita California, Oregon na Washington. Siwezi kuielezea yote hapa na wala sitaki. Nataka niongelee siku moja tu, siku ya Forester Pass, sababu naona ndo siku ambayo watu wengi wanaifikiria vibaya. Ni kipito, yaani pengo la kuvukia safu ya milima, lenye mwinuko wa mita 4,009, hakuna sehemu ya juu zaidi ya hapo kwenye PCT nzima, na kwa sisi tunaotokea kusini ndo kipito cha kwanza kikubwa kwenye milima ya Sierra Nevada, yaani hujazoea chochote bado na unaanza na mkubwa wao.

Najua kuna mtu atasema mita 4,009 ni nini bwana, Uhuru pale Kili ni 5,895. Sawa, hesabu iko wazi. Ila Kili una waongozaji, una wagumu wanaokubebea hema na chakula, unafika kambini unakuta chai na bisi. Huku hema liko mgongoni kwako, gesi iko mgongoni kwako, na usiku hakuna atakayekuja kugonga hema akuamshe. Usipoamka, umelala. Na kuamka ndo kila kitu siku hiyo.

Sikia, shughuli nzima ya theluji ya mwezi wa sita ni saa. Theluji ile ile, mahali pale pale, saa kumi usiku ni ngumu unatembea juu yake fresh tu, saa sita mchana imekuwa uji unazama mpaka kwenye nyonga. Jua linaiyeyusha mchana, baridi inaigandisha usiku, basi. Kwahiyo kilomita 8 ambazo alfajiri unazimaliza vizuri tu, mchana zinaweza kukula siku nzima na nguvu zako zote, na kila ukizama unatumia mikono na magoti kujitoa, begi limekulalia kichwani, soksi zimelowa. Ndo maana nasema siku ya kipito inaanza jana yake mchana, pale unapoamua utalala wapi.

Ushauri wangu: lala karibu na Tyndall Creek, mto mdogo ulio kusini mwa kipito. Kutoka pale mpaka juu ni kama kilomita 8 hivi, unapanda zaidi ya mita 600. Watu wengi wanalala nyuma zaidi, Wallace au hata Crabtree Meadow, sababu wamechoka kupanda Mount Whitney siku ile (iko pembeni tu ya njia, mita 4,421, na ukiwa na mapafu yaliyozoea ipande, usiikwepe), halafu wanajipa moyo kwamba kesho watawahi. Hawawahi. Wanafika chini ya ukuta wa mwamba wa kupanda kwenye kipito saa tano asubuhi, theluji imeshaanza kulainika.

Kuna na suala la mito. Wallace, Wright na Tyndall yote inakula maji ya theluji inayoyeyuka, kwahiyo jioni imejaa na asubuhi imepungua, wakati mwingine tofauti ni ya goti na kiuno. Mwaka 2017 theluji ilikuwa nyingi sana Sierra na wasafiri wawili wa PCT walikufa maji kwenye mito ya huko, siyo kwenye barafu, kwenye mito. Mi nakwambia mto uogope kuliko ukuta. Ukivuka, fungua mkanda wa kiunoni na wa kifuani wa begi ili ukianguka uweze kulivua, usivue viatu, angalia maji yanakotoka, fimbo zako mbili zikusaidie, hatua ndogo ndogo. Na kama mto haukupendezi jioni, lala upande huu, uvuke alfajiri. Au panda juu au shuka chini kando ya mto utafute pale ulipotanuka, maana palipotanuka maji ni mafupi hata kama panatisha kwa upana.

Haya, umefika kambini. Kabla hujalala kuna vitu vinne vitano hivi ukivisahau asubuhi utalia. Chujio la maji liingize ndani ya slipingi begi kwenye mfuko wa plastiki. Zile nyuzi za ndani zikiganda zinapasuka na huwezi kuona kwa macho, utaendelea kuchuja na kunywa ukidhani uko salama kumbe unakunywa vijidudu. Simu na pawabenki pia ziingie humo humo, baridi inamaliza chaji haraka. Chupa za maji zigeuze kichwa chini, sababu maji yanaanza kuganda juu, asubuhi ukiigeuza mdomo wa chupa uko wazi unakunywa. Chakula chote kwenye kopo la dubu, lile gumu ambalo dubu hawezi kulifungua, huko ni sheria, na uliweke mbali na hema. Siyo dubu tu, kuna mamoti (marmot), wanyama wa milimani wa jamii ya kindi, wanapenda chumvi ya jasho, watatafuna mikanda ya begi na vishikio vya fimbo zako mchana kweupe.

Halafu viatu. Viatu vimelowa toka mtoni, usiku vitaganda, hamna namna. Cha kufanya ni kulegeza kamba zote mpaka chini kabisa na kuutoa ulimi wa kiatu nje uwezavyo KABLA hujalala. Nimeshaona jamaa mzima, mwanajeshi mstaafu, amekaa chini saa tisa usiku anapuliza hewa ya mdomo kwenye kamba za kiatu afungue fundo moja, vidole vimekufa ganzi, dakika zinaenda. Mi mguu wangu uliingia, kwa shida, kiatu kinalia krrk krrk, ukitembea kama nusu saa kinalegea chenyewe.

Amka saa nane usiku, saa tisa uwe njiani. Usipike. Kula vitu vya mkononi: karanga, siagi ya karanga, mi nilikuwa na kashata za nazi nilizopika mwenyewe kabla ya safari na nikajitumia kwa posta mpaka Kennedy Meadows, kile kiduka ambacho kila anayetoka jangwani akifika waliokaa barazani wanampigia makofi (hapo pia ndo watu wanapokea shoka la barafu na kopo la dubu). Kashata iweke mfuko wa ndani karibu na mwili, na hizo chokoleti pia, ukiziacha kwenye begi utavunja jino.

Kutoka Tyndall miti inaisha mapema, unabaki kwenye bonde jeupe lenye vijiziwa vimeganda. Njia huioni, imefukiwa. Utaona nyayo. Nyayo siyo ramani jamani! Aliyepita jana labda naye alikuwa amepotea, au alipita saa kumi jioni akizunguka sehemu laini, na wewe kwenye giza na tochi ya kichwani unamfuata tu. Angalia ramani kwenye simu kila baada ya muda, jua mwelekeo wako, na usikatize juu ya kiziwa eti kwasababu ni tambarare. Na usipite karibu na mawe yanayochungulia: jiwe linashika joto la jua, theluji iliyolizunguka inakuwa tupu chini, unakanyaga mguu unapita mpaka ndani na fupa la ugoko linakutana na jiwe. Pita mbali nalo kidogo, kama mita mbili tatu.

Kukianza kupambazuka ndo utauona ukuta wenyewe, na hapo wengi wanaanza kubishana, sababu kinachoonekana ni ukuta wa mwamba na kipengo kidogo juu kabisa, huamini kwamba njia inapita pale. Inapita. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 walilipua mwamba wakachonga njia ya kona kona ubavuni, kwahiyo nusu ya juu mara nyingi unakuta mawe makavu yamechanganyika na theluji. Spaiki, yale meno ya chuma ya kuvaa juu ya kiatu, vaa toka chini kwenye theluji ngumu, usisubiri mpaka uteleze, maana kuvaa spaiki ukiwa umesimama kwenye mteremko ni mazingaombwe.

Karibu na juu kuna ule mkondo wa barafu ambao picha zake ziko kila mahali. Ni mfereji mwembamba wa theluji ngumu ubavuni mwa mlima, hatua kadhaa tu unavuka, ila mteremko wake ni mkali na chini yake ni mbali. Alfajiri unakuta waliotangulia wameshakanyaga hatua, unaweka mguu kwenye tundu zao, moja, unatulia, nyingine. Fimbo weka begini, shika shoka la barafu mkono wa upande wa mlima. Na hapa niseme kitu, shoka ambalo hujalifanyia mazoezi ni uzito tu umebeba. Kuangalia video hakutoshi. Siku mbili tatu kabla, tafuta kamteremko kafupi ambako chini ni tambarare hamna mawe, jiangushe kwa makusudi, kwa tumbo, kwa mgongo, kichwa chini, ujifunze kugeuka na kulikita kwenye theluji usimame, mpaka mwili ukumbuke wenyewe. Sisi tulikuwa watatu, mi na kijana wa Korea na mama mmoja wa makamo wa Oregon, na huyo mama ndo alitulazimisha kufanya hayo mazoezi mchana mzima tukalowa chapachapa. Tulimlaumu sana siku ile. Pale kwenye mkondo kijana wa Korea akageuka akamwambia "asante mama" kwa Kiswahili, nilikuwa nimemfundisha mimi.

Kuhusu jua, naomba nyie wenzangu weusi mnisikilize. Ile habari ya kwamba sisi hatuungui iacheni huko huko. Theluji mpya inaweza kurudisha mpaka asilimia 80 ya mionzi ya jua ile inayochoma ngozi, kwahiyo jua linakupiga toka juu na toka chini, na huko juu hewa ni nyembamba mionzi ni mikali zaidi. Unaungua chini ya kidevu, ndani ya pua, hata kaakaa ukitembea mdomo wazi unahema. Paka mafuta ya jua mpaka kwenye matundu ya pua. Miwani myeusi inayoziba na pembeni siyo ya kupigia picha, bila hiyo usiku wake utahisi mchanga machoni, machozi hayakatiki, huoni, na uko katikati ya milima.

Kichwa kikigonga kidogo kule juu ni kawaida, kunywa maji, punguza mwendo, ule msemo wa wagumu wa pole pole unafanya kazi kila mlima. Ila mwenzako akianza kutapika, au akitembea kilevi hawezi kuweka mguu mmoja mbele ya mwingine, hakuna majadiliano wala picha, shukeni.

Juu tulikaa dakika chache tu, kuna kibao, kuna upepo, upande mmoja hifadhi ya Sequoia na upande wa pili Kings Canyon. Usijisahau ukafanya pikniki, sababu upande wa kaskazini nao una theluji, na mara nyingi ni nyingi kuliko kusini kwa vile haipati jua sana, na saa yako inaendelea kuhesabu. Watu wanapenda kuteremka kwa makalio, ni raha kweli sikatai, ila vua spaiki kwanza, jino moja likinasa unavunjika kifundo cha mguu, na usiteleze pale ambapo huoni mwisho wake.

Na ukichelewa? Ukifika chini ya ukuta saa sita mchana theluji imeshalegea, rudi nyuma kidogo utafute mawe makavu, piga hema, lala. Ndo maana siku zote nabeba chakula cha siku moja zaidi hata kama begi linaniua. Kibali cha PCT kinakupa tarehe ya kuanza tu, hakuna anayekusubiri juu na saa mkononi.

Ukimaliza kushuka kando ya Bubbs Creek unaingia msituni, theluji inakatika vipande vipande, hapo ndo magoti yanaanza kudai. Wengi wanatokea kipito kingine, Kearsarge Pass, kwenda Onion Valley kwenye barabara, halafu wanaomba lifti mpaka miji ya Independence au Bishop kuchukua chakula. Lifti zinapatikana, wenyeji wamezoea kutuona na harufu zetu, ila beba hela taslimu kidogo ya mafuta, na spaiki na shoka vifunge vizuri ndani ya kitambaa visining'inie nje ya begi, vinachana viti vya watu.